Mtoto wa Shimoni

Ndoo ilikuwa tupu, na ilikuwa inapumua.

Mama Chiriku alikuwa ameinamia cherehani yake kwenye kivuli cha ukuta, anapiga upindo wa sketi ya shule, jua la saa sita limesimama juu ya ua kama askari. Akasikia bwi. Akaacha kukanyaga. Bwi, tena, kutoka stoo. Sauti hiyo aliijua. Kwa wiki kadhaa ilikuwa wimbo wa nyumba: kibomba cha plastiki juu ya mfuniko wa ndoo kikitoa hewa ya bia inayochachuka. Lakini bia ilikuwa imeshatiwa kwenye chupa jana, na ndoo imeshaoshwa. Aliiosha yeye mwenyewe, maana mpishi wa bia wa nyumba hii hakuwa na mazoea ya kuosha alichokichafua.

Akaingia stoo, akafunua mfuniko. Ndani hamna hata tone. Ila joto lilimpiga usoni kana kwamba amefunua sufuria iliyo motoni, na harufu iliyopanda haikuwa ile aliyoizoea, ya majani mabichi na maganda ya chungwa. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua.

Hakuogopa kwanza. Alikasirika. "Kafanya nini tena huyu mwanamume?"

Huyu mwanamume, mumewe, watu walimwita Injinia, ingawa chuo cha uhandisi alikijua kwa kukizibulia vyoo. Alikuwa fundi bomba, tena hodari, mpaka siku aliposahau kufunga koki akafurikisha ghorofa nzima. Msimamizi alimwambia aombe radhi tu, mambo yaishe. Injinia akafungasha spana zake akarudi nyumbani. Mkewe alikuwa hajawahi kusikia neno samahani likitoka kinywani mwake. Lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Akimkanyaga mtu mguu, aliuliza ule mguu ulikuwa unafanya nini pale.

Kukaa bure ndiko kulikomletea bia. Haki yake apewe, kazi aliijua. Alichemsha kimea mpaka maji yakawa matamu, akatia maua makavu ya hopsi, mengine mwanzoni yatoe uchungu, mengine mwishoni yaache harufu, akapoza, akatia hamira, akafunika. Iliyotoka ilikuwa bia ya rangi ya asali, chungu kiungwana, yenye povu la kusimama wima. Majirani waliisifu, na kila sifa ilimtanua. Stoo ikawa yake, jiko likawa lake, na mke akawa msaidizi asiye na shukrani.

Balaa lenyewe liliingia siku ya kupika. Injinia alikuwa amechemsha sufuria kubwa ya maji ya kusafishia vyombo, na nusu yake ilibaki, bado inatokota. Akaishika kwa matambara mawili, akaelekea kwenye shimo la maji machafu pembeni mwa ua.

"Baba Chiriku, usimwage yakiwa hivyo," mkewe akamwambia. "Na kama huna budi, sema kwanza, wasogee."

"Nani wasogee? Mende?"

"Hujui kuna nani huko chini. Mama yangu hakumwaga maji ya moto bila kupiga hodi."

"Maji ya moto hayaunguzi nyumba," akajibu akicheka, akasukuma kifuniko cha zege kwa mguu, akamwaga yote kwa mkupuo.

Kutoka chini kikapanda kilio chembamba, kama cha paka. Kikaendelea, na kilivyoendelea hakikuwa cha paka tena. Kisha kikakatika.

Binti yao alikuwa amekaa kizingitini. Chiriku ndilo jina walilompa kwa sababu ya mdomo wake, maana alianza kuongea kabla ya kutembea, na sasa ana miaka sita hakuna aliyemwona akinyamaza ila usingizini. "Baba," akasema, "umemchoma mtoto."

"Ni hewa ya bomba hiyo."

"Analia. Mama yake anauliza ni nani amemwaga."

"Nimesema nyamaza!"

Chiriku hakunyamaza. Siku zote bia ilipokuwa ikichachuka stooni, yeye alichuchumaa karibu na shimo, akarudi na habari. Leo amelala tu. Leo ngozi ya mgongo imebanduka. Leo mama yake hakula. Mama Chiriku alisikiliza huku nywele za shingo zimemsimama, akamwendea mumewe mara moja, akamwendea mara ya pili. "Nenda kaseme neno moja tu. Litakupunguza nini?"

"Niongee na shimo la maji machafu? Unataka watu wanicheke?"

Basi hapo ndipo walipokuwa, siku ndoo tupu ilipopumua.

Mama Chiriku alitoka stoo akimwita binti yake. Alimkuta amekaa kando ya ukuta, mdomo wazi, shingo imekaza kama mtu anayepiga kelele, na hakuna sauti iliyotoka. Akapiga magoti mbele yake. "Chiriku? Mama, una nini?" Mtoto akanyoosha mkono. Stooni ndoo ikafanya bwi, na juu ya kile kimkono kikavimba lengelenge moja, jekundu, limejaa maji. Bwi. Likavimba la pili. Mama mtu akayaona kwa macho yake yakipanda kutoka kiganjani mpaka kiwikoni, moja kwa kila pumzi ya ndoo, na mtoto anatetemeka na kupiga mayowe yasiyosikika, na jua linawaka, na nyumba ya pili mtu anacheka na redio yake kama kawaida.

Alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Injinia alifuata nyuma akisema ni mzio, ni wadudu, ni sabuni.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya uchovu. Aliutazama mkono, halafu akamtazama mama. "Nani kamwagia mtoto maji ya moto?"

"Hakuna, daktari. Yametoka yenyewe."

"Yametoka yenyewe." Daktari akamgeukia muuguzi, kisha akamrudia. "Mama, kuungua nakujua. Mtoto haongei. Kwa nini anaogopa kuongea mbele yako?"

Mama Chiriku akamwangalia mumewe. Injinia alikuwa amekunja mikono, anasoma bango la chanjo ukutani. Alimwacha mkewe asimame pale na aibu isiyo yake mbele ya watu wote, na kitu kikakatika kifuani mwa yule mwanamke kama uzi uliovutwa kupita kiasi.

Walipofika nyumbani, Injinia alikwenda moja kwa moja kwenye jokofu, akatoa chupa. "Nimechoka na makelele ya wanawake," akasema, ingawa hakuna mwanamke aliyekuwa amepiga kelele. Chupa ilikuwa inatoa jasho la baridi. Akaimimina, povu likasimama vizuri. Akapiga funda moja, na bilauri ikamtoka mkononi ikavunjika. Alishika mdomo akiruka-ruka, na alipotoa ulimi ulikuwa umebabuka kama wa mtu aliyekunywa chai toka jikoni. Mama Chiriku akagusa bia iliyomwagika sakafuni. Ilikuwa baridi kama barafu.

"Sasa unaona?" akamwuliza.

"Kimea kibovu," Injinia akasema kwa ulimi mzito. "Yule muuzaji ataniona."

Mke akachukua simu akampigia Shangazi.

Shangazi, dada wa baba yake, alikuwa mganga, na hakuwa mpole hata kidogo. Wagonjwa walisema hutibu kwa matusi kwanza, dawa baadaye. Alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, mkoba wa dawa begani, akazunguka ua mara moja akinusa, akafika kwenye shimo, akarudi. Mkoba hata hakuufungua.

"Nani kapika hapa?"

"Mimi," akasema Injinia.

"Na baada ya kupika?"

Shangazi akamketisha Chiriku kwenye mkeka, akaushika ule mkono wenye bandeji, akanong'ona, "Mwenyewe wa humu, tumekuja kukusikiliza. Sema."

Ndoo stooni ikanyamaza. Chiriku akainua kichwa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, nzito, iliyokaukiwa na kilio.

"Nilikuwa nimemlaza," ikasema. "Hapo chini kuna ubaridi, ndiyo maana nilimlaza hapo. Hatukuwadhuru. Tulikuwapo kabla ya ukuta huu, mkaja, tukasogea. Mkafua, mkatumwagia povu, tukasogea. Siku hiyo hatukuambiwa."

"Mtoto yu hai?" Shangazi akauliza taratibu.

"Yu hai. Mgongo wote hauna ngozi. Nikangoja. Nikasema labda hakujua, atakuja kuuliza hali. Nikamsikia anacheka. Nikamsikia anasifiwa. Nyumba nzima inanukia maua yake, na mimi nanusa mwanangu."

Mama Chiriku alikuwa analia, na hakujua analilia mtoto yupi.

"Unataka nini, mama?" akauliza Shangazi.

"Aje apige magoti aseme amekosa. Kwa mdomo wake. Asipokuja, wa kwenu atababuka kidogo kidogo kama wangu, mpaka mgongoni."

Kichwa cha mtoto kikaanguka kifuani. Chini ya kola ya gauni lake, mgongoni, lengelenge jipya lilikuwa limeanza kuvimba.

Shangazi akamgeukia Injinia. "Umesikia. Ni neno moja."

"Mimi nikapigie magoti shimo?" Uso wake ulikuwa umevimba kwa ghadhabu. "Nyumba yangu, shimo nimelichimba kwa mikono yangu, halafu niombe ruhusa! Kama kweli wapo, basi hawajaona moto bado."

Akaingia jikoni. Wakasikia sufuria ikigonga bomba, maji yakijaa, moto ukiwaka bwaa. Shangazi akasimama mlangoni akimtukana matusi ambayo hayafai kuandikwa, na yule bwana hakugeuka. Maji yalipoanza kutokota, kifuniko cha zege kule uani kilianza kutetema nacho, na harufu ya nywele zilizoungua ikaenea ua mzima, ikaingia kwenye nguo zilizoanikwa, ikaingia mdomoni.

Alipotoka na sufuria yake mikononi, mvuke ukimfunika kifua, alimkuta mkewe amekaa juu ya kifuniko cha shimo. Amempakata Chiriku. Miguu ameinyoosha.

"Toka hapo."

"Mwaga," akasema Mama Chiriku.

"Mwanamke, nimesema toka!"

"Mwaga. Anza na mimi. Hospitali uliniacha niitwe mchoma watoto, basi leo choma kweli, daktari apate ukweli wake. Miaka yote mimi ndiye ninayesema samahani kwa niaba yako. Kwa majirani. Kwa mama yako. Kwa msimamizi wako nilikwenda mimi, hujui, nikamlilia akurudishe, akaniambia wewe huna ubaya ila huna shingo ya kuinamisha. Sasa zimeisha. Sina hata moja. Mwaga!"

Akahisi joto nyuma yake, kama mtu amepiga magoti mgongoni pake, na pumzi ikampita sikioni, na mkono ukamkalia begani, mkono mrefu, mkavu, wenye vidole vilivyozidi urefu wa vidole, na kwa namna ambayo hata baadaye hakuweza kuieleza vizuri hakushtuka, hakuugeukia, aliuegemea, kwa sababu hasira iliyokuwa ndani ya mkono ule na hasira iliyokuwa kifuani mwake zilikuwa zimetoka jiko moja.

Injinia aliona alichokiona. Rangi ilimtoka. Macho yake yalipanda kutoka usoni mwa mkewe, juu kidogo, juu zaidi, mpaka shingo ikapinda, na sufuria ikainama mikononi mwake, maji yakimrukia miguuni naye hayasikii.

Akaiweka chini. Akapiga magoti kwenye saruji iliyolowa.

"Nime..." Akakohoa. Akajaribu tena, ulimi wake uliobabuka ukimgomea, machozi yakimtoka. "Nimekosa. Nilimwaga bila kusema. Nimemuunguza mtoto wa watu. Nisameheni."

Kisha begani mwa Mama Chiriku ule mkono ukanyanyuka.

"Mama," akasema Chiriku kwa sauti yake mwenyewe, kama aliyeamshwa, "nina njaa."

Lengelenge la mgongoni lilinywea palepale. Ya mkononi yalichukua muda, kama kuungua kokote, yakaacha baka. Injinia alimwaga chupa zake zote barabarani, mbali na ua, akafunga stoo.

Kabla ya kuondoka, Shangazi alimvuta mpwa wake kando. "Mwenyewe kanyamaza, lakini hajahama. Nisafishe leo nimtoe kabisa?"

Mama Chiriku akafikiri. "Mwache."

"Jini si paka, mwanangu. Hafugwi."

"Simfugi. Ana mgonjwa, ahamie wapi? Mwache."

Shangazi akatikisa kichwa, akachukua mkoba wake.

Mwezi haukupita. Mchana mmoja chakula kilichelewa mezani, na Injinia, mazoea yana tabu, akapiga meza kwa kiganja. "Mjinga wewe, kutwa nzima ulikuwa unafanya..."

Kule uani zege likakwaruza zege. Taratibu. Likasimama.

Injinia akafunga mdomo. Akavuta sahani, akala. Tangu siku hiyo hali ila ameuelekea mlango wa uani, na macho hayabanduki pale. Mkewe huketi upande wa pili, ameupa mlango mgongo, na hula mpaka akashiba.