Nani Aliing'oa Sura ya Saba

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Alinafe Chikuse alisimama mbele ya Kidato cha Tatu ili arudie kusoma sura ya saba ya riwaya, akakuta sura ya saba haipo.

Mwalimu wao, Madamu Chikopa, alikuwa amechelewa. Wanafunzi walishazoea: mwalimu akichelewa, zamu ya kusoma kwa sauti inaendelea dawati kwa dawati, nakala moja watu watano. Alinafe alipindua ukurasa wa 88, akaangukia wa 105.

"Umeruka, dada," akaambiwa kutoka nyuma. "Hukunywa uji leo?"

"Sijaruka. Njoo usome wewe mwenye macho."

Wakakagua nakala zote kumi na mbili. Zote zilikuwa zimepoteza kurasa zile zile kumi na sita, na mtihani wa mwisho ulikuwa mwezi mmoja mbele.

Saa tatu kasoro robo, Saizi Namalomba aliitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Saizi alikuwa mtunza stoo wa Sekondari ya Nankhwali, chini ya mlima Mulanje. Darasa lake la mwisho lilikuwa la nne, lakini vitabu vyote vya shule vilipita mikononi mwake. Kitabu kikichanika mgongo, alikitoboa matundu matatu kwa msumari, akakishona kwa uzi wa magunia, akakivika karatasi ya mfuko wa saruji. Wanafunzi walimwita Daktari wa Vitabu. Yeye alimwita mkuu wa shule Bambo Mtupanyama, bambo yaani bwana. Mkuu alimwita "wewe".

"Wewe. Kabati la vitabu halikuvunjwa. Funguo zake ni mbili. Wangu nilikuwa nao Blantyre, niliondoka Jumamosi saa nne asubuhi nikarudi jana jioni. Uliobaki hapa ni wako. Na visu vya kukatia karatasi ni vyako."

"Nilivifungia vitabu Ijumaa saa tisa alasiri vikiwa vizima, Bambo. Vilikuwa na kurasa zote."

"Hayo utayaeleza kesho saa nane mchana mbele ya kamati. Ukishindwa, unarudisha ufunguo na nyumba."

Nyumba ilikuwa vyumba viwili nyuma ya stoo. Ukitoka mlangoni, hatua mia mbili, unafika kaburi la Estere, mke wake. Mzee wa miaka sitini na moja asiye na cheti akifukuzwa Nankhwali ataenda wapi? Na nani atapalilia lile kaburi? Walioketi ofisini hawakuwa na haja ya kujiuliza maswali hayo. Nyumba zao zina bati jipya.

Saizi aliomba nakala moja, akaketi nayo kwenye kizingiti cha stoo, mvua ya rasharasha ikinyesha nje. Kwanza akatafuta alama ya kisu. Hakuna. Karatasi hazikukatwa. Uzi ulifumuliwa, karatasi nane zikatolewa, kitabu kikashonwa upya kwa matundu yale yale. Uzi ulikuwa wa magunia kama wake, lakini bunda lake lilikaa siku zote juu ya rafu katika chumba cha walimu, yeyote aliweza kuuchukua.

Halafu akatafuta fundo.

Fundo lake yeye lilikaa nje siku zote, tundu la chini, kubwa kama punje ya mahindi. Hapa nje palikuwa laini. Akapanua mgongo wa kitabu kwa kucha. Uzi ulikuwa umerudishwa kwenye tundu la kati na kufungwa kwa ndani, mahali ambapo kidole cha msomaji hakiwezi kukwaruzwa.

Alimjua mtu mmoja tu aliyefunga namna ile, naye alikuwa hatua mia mbili kutoka pale, chini ya udongo, huu mwaka wa pili.

Lakini Estere alikuwa na wanafunzi. Jumamosi alifundisha kushona, na katika nyumba za walimu, wanawake watatu ndio waliofika mpaka kwenye lile fundo: mke wa mkuu, mke wa makamu, na Madamu Chikopa. Saizi aliomba kwa Mungu mhusika awe mke wa mkuu. Akauliza jikoni. Mama yule alikuwa Lilongwe kwa binti yake tangu mwezi uliopita.

Saa saba mchana akamfuata makamu, Bambo Kaziputa, shemasi wa kanisa, aliyekuwa anakula nsima, yaani ugali, na dagaa ofisini mlango wazi.

"Bambo, wiki iliyopita ulisema madhabahuni kile kitabu kichomwe moto."

"Nilisema, na nitarudia. Msichana anabeba mimba ukurasa wa thelathini, watoto wanasoma kwa sauti wanachekeana. Umekuja kunihoji, mzee wa gundi?"

"Ijumaa jioni ulikuwa wapi?"

"Phalombe, mkutano wa kwaya. Mimi na mke wangu tuliondoka saa sita mchana, tumerudi jana usiku. Waulize watu arobaini waliobanana nasi kwenye lori." Akamega tonge. "Na fikiri kidogo, Saizi. Ningekuwa mimi, ningeng'oa ukurasa wa thelathini. Sura ya saba haina uchafu wowote. Mule kuna chifu tu na mahindi yake."

Saizi aliyakumbuka mahindi hayo. Kidato cha Tatu walikuwa wamemsomea sura ile mwezi uliopita, akiwa anashona nyuma ya darasa. Chifu wa kwenye riwaya anauza mahindi ya msaada wakati wa njaa, kisha anazunguka misibani kutoa pole. Na Ijumaa hii ilikuwa siku ya zawadi. Darasa lilipangwa kusoma sura hiyo mbele ya Mwenyekiti wa bodi, mwenye kinu cha kusaga. Mwaka wa njaa, magunia ya msaada ya tarafa yalionekana yakishushwa kwenye kinu hicho. Hakuna aliyeshtakiwa. Watu wa aina ile hawashtakiwi, wanaalikwa kugawa zawadi.

Saa kumi akamkuta Alinafe bombani.

"Ijumaa baada ya masomo ulimwona nani karibu na kabati?"

"Sikumwona mtu, Agogo," alijibu, kwa neno lao la kumwita babu. "Mimi nilikuwa nambebea madamu mchele."

"Mchele wa wapi?"

"Kutoka ofisini kwa mkuu. Ati kampa zawadi." Akacheka. "Mkuu, zawadi? Tukasema labda kifo kinamkaribia."

"Gunia lilikuwa zito?"

"Zito, halafu linachoma utosini. Nililitua mara mbili njiani."

"Saa ngapi?"

"Kumi na moja. Kengele ya usafi ilikuwa imeshalia."

Saizi alimshukuru akaondoka polepole. Madamu Chikopa alikuwa mwalimu pekee aliyemwita "baba". Mwaka Estere alipokufa, alimletea chakula siku arobaini mfululizo.

Jumanne saa nane mchana kamati ilikaa ofisini: mkuu kwenye kiti chake, Kaziputa dirishani, na Madamu Chikopa mezani akiandika muhtasari, rejesta ya darasa lake ikiwa chini ya kiwiko.

"Jieleze," alisema mkuu.

"Kwanza niulize, Bambo. Ufunguo wako hukumwachia mtu?"

"Haukutoka mfukoni mwangu hata dakika moja."

"Andika hilo, Madamu," alisema Saizi. Kalamu ikaandika.

Akaweka nakala mbili mezani, moja ya riwaya, nyingine ya kitabu cha historia. "Hiki cha historia nimeshona mimi. Fundo liko nje. Hiki cha riwaya fundo liko ndani, tundu la kati. Sijawahi kushona hivyo maishani. Marehemu alinigombeza miaka thelathini na moja, nikashindwa."

"Fundo ni fundo," alisema mkuu. "Tangu mkeo afe unatafuta wa kumlaumu, sasa umefikia nyuzi."

"Siku Estere alipozidiwa, gari la shule lilikuwa linabeba saruji ya Mwenyekiti. Hilo sikulitafuta, Bambo. Nililisubiri barabarani kwa muda wa saa nne, yeye kichwa chake pajani mwangu." Saizi akageuka. "Madamu, naomba rejesta yako. Uliishona mwenyewe."

Hakuitoa. Kaziputa ndiye aliyeinama akaivuta, akapanua mgongo kwa kidole gumba, akavaa miwani. Akachukua riwaya, akafanya vivyo hivyo.

"Ni lile lile," alisema.

"Waliofundishwa fundo hili ni watatu," alisema Saizi. "Mmoja yuko Lilongwe. Mwingine alikuwa Phalombe na watu arobaini. Sasa, Ijumaa saa kumi na moja mwanafunzi alibeba gunia la mchele kutoka ofisi hii kwenda nyumbani kwa Madamu. Mchele huo ulimchoma utosini. Mimi nimebeba mchele na nimebeba vitabu. Mchele hulala kichwani. Vitabu vina pembe."

Kalamu ilikuwa imesimama.

"Hana ufunguo huyu," Saizi aliendelea. "Wangu uko shingoni, naoga nao. Umebaki ule ambao haukutoka mfukoni hata dakika moja. Umeandikwa hapo."

"Aliniibia!" mkuu alisema.

"Uliibiwa lini, na haukutoka mfukoni?" aliuliza Kaziputa, kwa upole wa mtu anayesoma Maandiko.

Madamu Chikopa aliifunika kalamu. "Alivitoa vitabu mwenyewe Ijumaa nilipokuwa nimesimama hapa. Jumamosi saa moja asubuhi nikavirudisha, akavifungia kabla ya safari. Miaka minne mimi ni mwalimu wa muda. Barua yangu ya ajira imo kwenye droo hiyo, inangoja muhuri. Alisema Mwenyekiti akisomewa sura ile mbele ya wazazi, barua itaozea humo."

"Mwongo."

"Fungua droo, Bambo."

Hakuifungua.

Saizi alimtazama mwanamke yule. "Wanafunzi walishaijua sura. Ulidhani hawataona?"

"Ningewaambia tunairuka, ningewasimulia kwa ufupi. Wasingefika ukurasa ule bila mimi. Jumatatu mtoto akaamka na homa, nikachelewa."

"Na nilipoitwa mwizi?"

Aliisogeza karatasi ya muhtasari mbali naye.

"Niliandika muhtasari, baba."

"Estere alikufundisha fundo hilo ulipokuwa unashona nguo za mtoto huyo. Alisema lifungwe ndani lisimkwaruze."

Hapo ndipo alipolia. Saizi hakumwambia anyamaze.

Kaziputa, pamoja na ubishi wake, alipeleka muhtasari wilayani kama ulivyo. Jibu lilirudi upesi kuliko barua yoyote iliyowahi kwenda wilayani kutoka Nankhwali. Mwalimu wa muda aondolewe mara moja. Mkuu apewe onyo la mdomo. Mtunza stoo aendelee na kazi. Siku ya zawadi iliahirishwa kwa sababu Mwenyekiti alikuwa na shughuli nyingi.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi Madamu Chikopa alipita stoo, mtoto mgongoni, godoro limefungwa kamba. Akaweka kizingitini mfuko wa unga. Ndani zilikuwamo karatasi tisini na sita.

"Nilishindwa kuzichoma," alisema.

Saizi aliupokea mfuko. Alizikumbuka zile siku arobaini za chakula. Akalibeba godoro mpaka barabarani, akalishusha, akarudi.

Alishona mpaka jua likawa utosini. Nakala ya kwanza alifunga fundo nje kama kawaida. Akaitazama, akaifumua. Akarudisha uzi kwenye tundu la kati, vidole vinene vikahangaika, ukamponyoka mara tatu, mara ya nne ukashika. Zilizobaki kumi na moja akazifunga hivyo hivyo.

Saa nane mchana darasa halikuwa na mwalimu. Alinafe alisimama, akapindua ukurasa wa 88, akaanza kusoma kwa sauti jinsi mahindi yalivyomfikia chifu. Mkuu wa shule alipita nje ya dirisha, akapunguza mwendo, kisha akaendelea na safari yake. Alinafe hakupunguza sauti.

Nyuma ya darasa, Saizi alipitisha kidole gumba juu ya mgongo wa kitabu, kutoka juu mpaka chini. Hakikukwaruzwa na kitu.