Darcy na Njia ya Mazimwi

Kila siku alipotoka shule, Darcy alivua viatu mlangoni na kunyata hadi jikoni. Mama yake, Renee, alifanya kazi ya usiku katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, kwa hiyo mchana ndio uliokuwa usiku wake. Darcy, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikwisha kuzoea kupasha supu bila kugonganisha vyombo. Alizoea pia kukohoa akiwa amejiziba mdomo kwa mto.

Wiki ile alikohoa sana. Baridi ya Oktoba ilikuwa imeingia, majani yaliyoanguka yalikuwa yanaoza uani, na pumu yake ilikuwa imeanza kumsumbua. Lakini Ijumaa Mama alikuwa na mapumziko, naye aliahidi kumpeleka kwenye Njia ya Mazimwi, ile ambayo wazimamoto wa kujitolea wa mji wao huko Ohio, Marekani, huitengeneza msituni kila Halowini, sikukuu ya watu kuvaa vinyago na kutishana.

"Kifua chako kikoje?" Mama aliuliza Ijumaa jioni. Alikuwa akifunga kamba za viatu, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.

"Kizuri tu."

"Una hakika?"

"Kizuri, Mama."

Mama alimtazama kidogo, akapiga miayo, akachukua funguo za gari.

Walimpitia Brynn, rafiki yake Darcy, kisha wakaegesha kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Kelele za watu zilisikika kutoka msituni.

"Nendeni ninyi," Mama alisema, akilaza kiti chake nyuma. "Mimi sina hata nguvu ya kuogopa. Pampu unayo?"

Darcy alijigusa mfukoni kama mtu aliye nayo. Mfuko ulikuwa mtupu. Pampu ya pumu ilikuwa ndani ya begi lake, kwenye kiti cha nyuma. Brynn aliwahi kumwambia, "Ukivuta hicho kitu unafanana na bibi yangu," na tangu siku hiyo Darcy hakupenda kuitoa mbele ya watu.

Mwanzoni walifurahi. Bibi harusi mwenye uso wa unga aliwafuata akilia. Mkono ulichomoza kutoka ndani ya jeneza la mbao na kumshika Brynn kiatu, naye akapiga ukelele hadi Darcy akacheka. Kicheko kilimletea kikohozi. Mbele yao mashine ilikuwa ikitoa moshi mzito mweupe, na hapakuwa na njia nyingine ila kupita humo.

Katikati ya moshi, jitu lenye kinyago lilitokea likinguruma na msumeno wa injini usio na mnyororo. Darcy alijaribu kuvuta pumzi, ikakwama kifuani kana kwamba amefungwa mshipi.

"Siwezi... kupumua," alisema.

"Humu hakuna anayepumua," jitu likajibu kwa sauti nzito. Watu waliokuwa nyuma wakacheka. Brynn naye akacheka.

"Acha kuigiza, Darcy. Twende."

Darcy alipiga magoti kwenye majani. Aliishika suruali ya lile jitu, akakusanya pumzi kidogo iliyobaki.

"Siigizi. Nina pumu."

Injini ikazimwa. Kinyago kikavuliwa, na chini yake alikuwa Bwana Wendell, dereva wa basi la shule, jasho likimtiririka.

"Zimeni moshi," aliwaambia wenzake. "Pampu iko wapi, binti?"

"Kwenye gari. Begi... la nyuma."

"Brynn, fuata hii njia fupi mpaka shambani. Mwamshe mama yake, mwambie alete. Kimbia."

Bwana Wendell alimbeba Darcy mpaka kwenye hewa safi, akamketisha wima juu ya gogo. "Toa pumzi taratibu. Niangalie mimi."

Mama alifika mbio, kiatu kimoja mguuni, kingine amekiacha garini. Darcy alivuta dawa, akasubiri, akavuta tena. Polepole kifua kikalegea.

"Samahani," Brynn alisema, akitazama chini. "Nilidhani unatania."

"Hata mimi," Bwana Wendell alisema kwa unyonge. "Tangu jioni nasikia kelele tu. Asingesema haigizi, ningeendelea kumngurumia."

Mama aliketi kwenye gogo. "Ilianza lini?"

"Jumatatu."

"Nilikuuliza."

"Niliona umechoka, Mama. Ungeniambia twende kliniki, usingelala. Na mimi nilitaka kuja huku."

Mama alijisugua mguu uliokuwa na tope. Hakugomba. Alionekana mchovu kuliko alivyokuwa asubuhi alipotoka kazini.

"Darcy, nikichoka ninalala, uchovu unaisha," alisema hatimaye. "Lakini nikikupoteza, sina usingizi wa kuliponya hilo. Usinihurumie kwa kunificha. Ukiumwa, sema, hata kama nimelala. Na dawa yako tembea nayo, acheke atakayecheka."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa twende hospitali wakakupime," Mama alisema, akiinuka kwa kushika goti. "Siku yangu ya mapumziko, na bado naenda kulekule."

Darcy aliiweka pampu mfukoni mbele ya watu wote, akamshika mama yake mkono.