Buni za Jumatatu

Kila alfajiri, jogoo wa jirani akiwa bado anajisifu, Chiriku alikuwa jikoni akimchemshia baba yake maji ya kuoga. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu aliongea kuliko redio. Baba alikuwa dereva wa gari la kiwanda cha mikate, na mikate haimsubiri mtu. Siku za kawaida Chiriku alimtilia chai kwenye chupa. Jumatatu alimwongezea, kwenye mfuko wa shati, punje chache za buni zilizokaangwa.

Buni hizo zilikuwa siri ya madereva wa kiwandani. Waliamini kwamba mtu akizitafuna, pombe ya Jumapili humtoka, na hata kile kifaa cha askari cha kupulizia hudanganyika. Nani aliwafundisha? Waliambizana tu, kama watu wanavyoambizana dawa ya kwikwi.

Jumapili moja mama, ambaye ni mfanya usafi hospitalini, alikuwa zamuni. Baba alirudi akiimba, akalala kwenye kochi na viatu vyake. Chiriku akamvua. Asubuhi alimwamsha kwa shida, akamtilia buni mfukoni kama kawaida, akaenda shule.

Aliporudi alimkuta baba amekaa kizingitini, shati lake limeganda ute wa mayai. Gari lilikuwa limepanda ukingo wa barabara na kugonga mkokoteni wa Mama Mayai, mwanamke anayeuza mayai karibu na kituo cha mafuta. Trei zote zilipondeka, naye akavunjika mkono wa kulia. Askari walimpulizisha baba kifaa chao, buni zikiwa bado mdomoni. Kifaa hakikudanganyika. Alishtakiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa, kisha akaachiwa kwa dhamana.

"Pombe ya jana si pombe ya leo," baba alisema bila kumtazama. "Nililala, nikaamka. Tukienda kwa wakili, mwanangu, sema jana jioni nilikunywa chai nikalala mapema. Wewe ndiye uliyekuwepo nyumbani. Ukisema hivyo, kazi yangu itapona. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Hakuhisi hofu wala hasira. Alikufa ganzi, basi. Wiki ile aliosha vyombo, akafagia, akaenda shule na kurudi. Mwalimu alipomwuliza swali alisimama kimya mpaka akaambiwa akae. Wenzake wakamtania kwamba Chiriku kameza ulimi. Hakucheka, na wala hakuchukia.

Jioni moja mama alirudi kutoka kazini, akaketi na kunyoosha miguu. Hakujua baba alimwomba mtoto nini.

"Leo nimepiga deki chini ya kitanda cha Mama Mayai," alisema. "Anakula kwa mkono wa kushoto, supu inamwagikia kifuani. Nikamfuta. Akanishukuru, maskini, hajui mimi ni mke wa nani."

Baba aliinuka akatoka nje.

Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la viatu. Wakili mwenyewe alikuwa mama wa makamo, miwani imemshuka puani.

"Shikamoo," Chiriku alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo." Akamgeukia baba. "Haya, ndugu yangu, uliza yanayokukera."

"Nilitafuna buni. Mbona kifaa kilisoma?"

"Kwani kifaa kina pua? Kinapima pombe inayotoka kwenye damu na kupita mapafuni. Ungetafuna gunia zima, ungeharibu meno tu."

"Lakini nilikuwa nimelala! Asubuhi nikanywa kahawa pia."

"Mwili huitoa pombe polepole, kwa wakati wake. Kahawa humwamsha mlevi, haimwondolei ulevi. Sheria haikuulizi uliamka saa ngapi."

"Je, ningekataa kupuliza?"

"Hapa kwetu hilo ni kosa jingine, juu ya hilo ulilo nalo."

"Nitafungwa?"

"Huenda. Mtu ameumia. Leseni karibu hakika utanyang'anywa, na faini ipo. Ukikiri, na kama ni kosa la kwanza, mahakama huweza kukupunguzia adhabu. Ukikana, tutahitaji shahidi. Na shahidi akidanganya mahakamani, naye ana kosa."

"Shahidi ninaye," baba alisema kwa sauti ndogo. "Huyu hapa."

Wakili alivua miwani. "Mwanangu, baba alifanya nini jioni ile?"

Chiriku alitazama mikono yake. Ilikuwa pale mapajani, lakini hakuihisi. Alijua kwamba akisema neno moja, baba atapoteza kazi, pengine atafungwa. Akafumbua kinywa, na sauti ikatoka bila kutetemeka, kama ya mtu anayesoma ubaoni.

"Alirudi amelewa. Nilimvua viatu. Asubuhi alikuwa bado anayumba, nikamtilia buni. Mama Mayai hawezi kushika kijiko."

Baba hakumkemea. Aliinamisha kichwa. "Andika kwamba nakiri," akamwambia wakili.

Mahakamani alikiri. Hakufungwa, ila alinyang'anywa leseni kwa mwaka mzima, akatozwa faini, akaamriwa kumlipia Mama Mayai matibabu. Kiwanda kilimtoa kwenye gari na kumpeleka kukanda unga. Chiriku aliyasikia yote hayo, na bado hakuhisi kitu.

Jumamosi baba alimchukua kwa miguu hadi nyumbani kwa Mama Mayai, ambaye alikuwa ameketi mlangoni, mkono umefungwa plasta.

"Nimekuja kuomba radhi, dada," baba alisema. "Nilikuwa nimelewa."

"Pole haiungi mfupa," Mama Mayai alijibu. Akamtazama sana. "Lakini ungekana, ungenivunja na wa pili. Haya, kaeni."

Wakati wa kurudi baba alisimama kando ya barabara, magari yakipita.

"Mwanangu, nilikukosea kuliko nilivyomkosea yule mama," alisema. "Mlevi akishika usukani huwabeba wengi: aliye njiani, mkewe, hata mtoto wake. Mimi nilitaka unibebee na uongo. Mzazi asimtume mtoto kumfichia kosa. Ulikataa, na ulifanya vyema."

Hapo ndipo Chiriku alipolia, palepale barabarani, mbele za watu. Baba akasimama naye mpaka alipomaliza.