Saini ya Kutoka

Saa kumi na moja kasoro robo jioni, Fundi, kama wote walivyomwita kwa kazi yake ya kushona nguo, alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya kibanda cha mlinzi, akimsubiri binti yake ashuke kutoka namba saba, dimbwi la juu mlimani. Hakuwa na wasiwasi. Kusema kweli hakuwa na chochote. Tangu amzike mumewe miezi minne iliyopita, aliishi kama mtu aliyechomwa ganzi kwa daktari wa meno kisha akasahauliwa palepale kwenye kiti. Alikula akiambiwa ale. Alicheka wenzake wakicheka. Msibani hakutoa hata chozi moja, mawifi wakamsema mpaka midomo ikawakauka, na hata hilo halikumuuma.

Likizo hii ya kisiwani ilikuwa wazo la Kidoti, mwanawe wa pekee, msichana wa miaka ishirini mwenye doti nyeusi juu ya mdomo. Marehemu baba yake alikuwa na kazi ambayo majirani hawakuwahi kuielewa. Alilipwa kutembea. Kampuni za watalii zilimtuma awatafutie wageni waliochoshwa na mchanga na bahari mahali pasipojulikana, kisha aandike kwenye daftari panafikiwaje na pana raha gani. Safari yake ya mwisho ilikuwa kisiwa hiki, mwaka jana mwezi kama huu. Daftari lilirudi na mahali saba, na Kidoti alikuwa ameapa kwamba atapamaliza pote.

"Bi mkubwa, tunamaliza kazi ya baba," alisema. "Halafu utalia, halafu utapona. Mimi ndiye daktari wako."

Basi kwa siku tatu Fundi alimfuata. Waliingia namba moja, pango ambalo ndani yake unaelea chali gizani huku popo wakipita juu ya pua yako. Namba tatu waliteremka mlima wa nyasi wakiwa wamekalia magome ya minazi. Marehemu alikuwa ameandika pembeni, "Raha sana, ila vaa suruali nzito," na Kidoti, ambaye hakuvaa, alicheka mpaka akakaa chini, halafu akasimama haraka kwa maumivu. Namba tano ilikuwa daraja la kamba. Fundi alilivuka kama anavuka barabara kwenda kununua vifungo.

Namba saba haikuwa na maelezo. Ilikuwa na mstari mmoja tu: Dimbwi la juu, naanza saa nne asubuhi. Baada ya hapo kurasa zilikuwa nyeupe.

Mlinzi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kipande cha pamba katika sikio la kushoto. Kibandani mwake mlikuwa na meza, kalenda, mtungi wa maji, na kitabu kikubwa chenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila anayepanda aliandika jina na saa ya kuingia, akishuka anaandika saa ya kutoka na kutia saini. Mizigo ilibaki kibandani. Watu walipanda mmoja mmoja, kwa sababu njia haikuwa na upana wa wawili, na kufika juu kulichukua saa nzima.

Kidoti aliandika saa tisa na nusu.

"Unakuja, bi mkubwa?"

"Na goti hili? Nenda tu. Nitakusubiri."

"Nikifika juu nitapiga mluzi. Ule wa baba."

Mluzi wa baba ulikuwa mifupi miwili na mrefu mmoja. Marehemu aliutumia kuwakusanya mkewe na binti yao sokoni kama kuku wake, na Kidoti alikuwa akiitikia hivyohivyo, watu wakiwageukia. Fundi alikuwa akiona aibu enzi hizo.

"Piga," alisema.

Sasa muda wa saa moja na robo ulikuwa umepita na hakusikia mluzi wowote. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya miti, mbu wakaanza kuonja. Kwa kukosa la kufanya, Fundi alikivuta kile kitabu akaanza kufungua kurasa za nyuma, kama mtu anavyosoma gazeti la zamani kwa kinyozi.

Mwaka jana. Mwezi huuhuu.

Mwandiko wa mumewe ulikuwa pale, ule uliolala kulia kama unasukumwa na upepo. Jina lake kamili. Kuingia, saa nne asubuhi.

Kutoka, hakuna kitu.

Fundi alipitisha kidole juu ya ile nafasi. Wa juu yake alikuwa ametoka. Wa chini yake alikuwa ametoka.

"Kaka," alimwita mlinzi. "Huyu hakusaini."

Mlinzi aliinama kuangalia. Alichukua muda mrefu kuliko uliohitajika.

"Wengine husahau, mama."

"Huyu hasahau. Huyu alikuwa anaandika hata saa ya kunywa dawa."

Mlinzi alikaa. Alifuta jasho shingoni kwa kitambaa, akakikunja, akakikunjua tena.

"Namkumbuka," alisema kwa sauti ya chini. "Shati la buluu, kifungo kimoja kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Alitoka, nilimwona kwa macho yangu. Nikamwambia, kaka, saini. Hakugeuka. Nilimkimbilia mpaka pale nikampa begi lake, akalipokea, akaenda zake."

Ule uzi mwekundu Fundi aliushona mwenyewe, usiku wa kuamkia safari, kwa sababu wa buluu ulikuwa umekwisha.

Na hapo mambo aliyokuwa ameyakunja na kuyasukuma kabatini yalianza kushuka moja baada ya jingine. Mumewe alirudi kutoka kisiwani akiwa kimya. Uchovu, watu walisema. Alikaa. Alikwenda alipoambiwa aende. Hakupiga tena mluzi sokoni, na daftari hakulifungua. Miezi minane Fundi alifua mashati yake, na fundi wa nguo akiangalia shati huangalia kola kwanza, maana kola ndiyo inayosema ukweli wa mwenye shati. Kola za mumewe zilikuwa safi. Katikati ya joto, mtu mzima, miezi minane, hata mstari wa jasho hakuna. Alijiambia sabuni ya siku hizi ni nzuri.

Kitandani alinuka mgomba uliokatwa sasa hivi. Ubichi. Maji maji.

Halafu asubuhi moja hakuamka. Hakuwa ameugua hata mafua. Waliobeba jeneza waliangaliana, na mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba huyu ndugu mbona mwepesi hivi. Fundi alisikia. Alisikia, na hakuuliza, kwa sababu kuuliza kulitaka nguvu na yeye nguvu hakuwa nazo.

"Kaka," alisema sasa. "Nilimzika nani?"

"Mama, mimi nilipewa kitabu. Maelezo sikupewa." Mlinzi hakumtazama. "Niliyempokea kazi aliniambia atakayepita bila kusaini nisimshike. Basi. Kwa mwaka ni wawili, watatu. Nilipeleka taarifa ofisini, wakaniambia niongeze kalamu."

Kijiti kilivunjika njiani.

Fundi aliinuka.

Kidoti alikuwa anashuka. Alikuja taratibu, hatua sawasawa, mikono imening'inia. Alipita mbele ya meza, mbele ya kitabu, mbele ya kalamu kwenye uzi wake.

"Dada, saini," mlinzi alisema, lakini alisema akiangalia kalenda.

Kidoti hakugeuka. Alikwenda akakaa kwenye benchi, akaweka mikono juu ya magoti.

"Umefika?" Fundi aliuliza.

"Nimefika."

"Pakoje?"

"Pazuri. Twende, mama."

Mama. Miaka ishirini mtoto huyu alikuwa amemwita bi mkubwa, bosi, fundi mkuu, mheshimiwa, chochote kile isipokuwa mama. Fundi alisogea. Doti ilikuwa mahali pake. Kovu la pasi kwenye kiwiko lilikuwa mahali pake. Fulana ya kijani ilikuwa ileile, na pindo lake alilipinda yeye mwenyewe.

Alinyoosha mkono akageuza kola.

Ilikuwa kavu.

Karibu saa mbili za kupanda na kushuka mlima, katika joto ambalo mlinzi aliyekaa kitako alikuwa amelowa, na ile kola ilikuwa kavu kama imetoka kwenye pasi. Fundi aliinama karibu na shingo ya binti yake, mahali alipokuwa akimbusu akiwa mchanga.

Mgomba uliokatwa.

Alibaki ameinama. Ile ganzi ilikuwa bado ipo, nzito, karibu tamu, na ilimwambia jambo rahisi. Mchukue. Mpeleke nyumbani. Atakula, atakaa, ataitika. Utafua fulana zake na utaishi naye miezi yake minane bila maswali, maana umeshafanya hivyo mara moja na uliweza. Dereva anakuja saa kumi na mbili. Na kwa kitambo Fundi alikubali, wala tusimpambe. Alishachukua begi la binti yake akalitia begani.

Ndipo mluzi ukapigwa.

Ulitoka juu, mbali, nyuma ya miti. Mifupi miwili... na mrefu mmoja.

Aliyekaa kwenye benchi hakuinua hata uso.

Mluzi ulipigwa tena. Ulikuwa na kile kikwaruzo cha mwisho, maana Kidoti hakuwahi kuupatia vizuri, pengo lake la mbele lilikuwa likipitisha hewa. Na kabla haujaisha, wa pili ukaitikia. Huu haukuwa na kikwaruzo. Huu ulikuwa wa mtu aliyezoea kuita watu katikati ya kelele za soko.

Kitu kilimkata Fundi kifuani, kikali, cha moto, na akagundua kwamba ni maumivu. Tangu msiba hakuwa ameyasikia. Machozi yalimtoka yenyewe, mengi, ya aibu, ya mtoto. Alikuwa amemwacha mtu wake huko juu mwaka mzima. Alikuwa amelala na mwingine, amempikia, amemzika kwa heshima, na mwenyewe alikuwa huko akipiga mluzi wa kuitana sokoni na hakuna aliyeitika.

"Kaka," alisema huku akijifuta uso kwa utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake hata likizoni. "Wapo waliowahi kuja kufuata watu wao?"

"Wapo."

"Wakatoka?"

Mlinzi alikitazama kitabu. "Walitoka."

"Walisaini?"

Mlinzi alianza kukikunja kile kitambaa chake upya, akilainisha pembe kwa kidole gumba, na Fundi akapata jibu lake.

Aliweka begi chini. Akavuta kalamu mpaka uzi ukakaza. Aliandika jina lake lote, lile la kuzaliwa ambalo hakuna aliyekuwa akilitumia, na mbele yake akaandika saa kumi na moja na dakika ishirini. Mikono ilimtetemeka. Alifurahi kuiona ikitetemeka.

"Mama, giza linaingia," mlinzi alisema. "Una goti."

"Najua nina nini."

Alipanda. Mlinzi alimsikia akihema kwenye mawe ya mwanzo, akililaani goti lake, kisha akamsikia akijaribu kupiga mluzi. Wa kwanza ulitoka hewa tupu. Wa pili ukatoka kidogo. Halafu majani yakajifunga na hakumsikia tena.

Msichana alibaki kwenye benchi. Mbu walimzunguka. Hawakutua.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano, gari la dereva lilipiga honi chini barabarani. Kijiti kilivunjika njiani.

Mama alitoka.

Alishuka taratibu, hatua sawasawa, utepe wa kupimia shingoni. Goti halikumsumbua. Mlinzi alihesabu dakika kichwani, akazihesabu tena. Muda ule haukutosha mtu kufika hata nusu ya njia na kurudi.

"Mama," alisema. "Saini."

Hakugeuka. Msichana aliinuka bila kuitwa, wakashikana mikono, wakateremka pamoja kuelekea barabarani. Dereva alisikika akiwauliza kama walifurahia matembezi. Alisikika akijibiwa kwamba ndiyo, pazuri. Milango ilifungwa na gari likaondoka. Lile begi lilibaki mahali Fundi alipoliweka, na mlinzi hakuwakimbilia nalo.

Alifunga geti la njia ya mlimani kwa kufuli, kama kazi inavyotaka. Kisha alisimama kusikiliza, ingawa kila jioni alijiambia kwamba leo hatasimama.

Juu kule mluzi ulipigwa, mifupi miwili na mrefu mmoja, wenye kikwaruzo. Ukajibiwa na ule wa mwanamume. Halafu ukaja wa tatu, dhaifu, wenye hewa nyingi, wa mtu ambaye miaka yote alikuwa akiona aibu kuupiga mbele za watu. Miluzi ilifuatana, ikapandana, ikawa kama watu watatu waliopotezana sokoni na sasa wameonana.

Waliita mpaka sauti zikaanza kukauka. Walikuwa wanataka kufunguliwa.

Mlinzi aliingia kibandani, akakifunga kitabu, akatoa kile kipande cha pamba sikioni, akakigawa vipande viwili, kimoja kwa kila sikio.