Kimo cha Maji ya Mbuchi

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa tisa alasiri, ofisi ya mhandisi Gaudens mjini Kibiti ilianza kunuka tope la mikoko, ilhali mikoko ilikuwa mbali na mji.

Gaudens alifungua dirisha, akarejea kwenye kompyuta. Alikuwa akikokotoa namna maji ya chumvi yanavyopenya chini ya mashamba ya mpunga. Hesabu hiyo ilitaka kwanza vimo vya maji kwenye mipaka yote. Kisha programu ilipitisha nyavu za nukta juu ya ramani, ule wa macho madogo ukinasa makosa madogo, wa macho makubwa ukinasa yale mapana yaliyoponyoka. Kila mzunguko wa hesabu ulibakiza sehemu moja ya kumi ya kosa lililotangulia.

Pembeni, mkewe Marsela, mjamzito wa miezi saba, alisinzia kitini.

Mfaume, mpima maji, aliingia, akasita. "Nani katoka majini humu?"

Nyayo mbichi zilitoka mlangoni kumwelekea Marsela.

"Mzunguko wa kwanza zilimbakizia hatua kumi," Gaudens alinong'ona. "Wa pili, hatua moja. Sasa hazifiki shubiri."

Mfaume alichungulia kompyuta. "Kwenye kigingi cha kupimia maji cha Mbuchi, kule delta, umeandika mita mbili. Kakupa nani? Mie sijaenda. Pale huingii bila hodi na marashi, nilikwambia ungoje."

"Nilikisia."

"Bwana mkubwa, umempangia mzimu wa pale kimo cha maji yake. Kaja kukusahihisha. Zima hiyo."

Gaudens alibonyeza, akabonyeza tena, akang'oa waya ukutani, na bado tarakimu ziliendelea kushuka, harufu ikizidi, matone yakilia sakafuni pasipo maji juu, hadi Marsela, mzaliwa wa Bukoba asiyewahi kukanyaga delta, alipotamka akiwa amefumba macho, kwa lafudhi ya wazee wa Mbuchi:

"Tatu na robo. Andika, mjukuu wangu."

"Usiandike," Mfaume alisihi.

Lakini Gaudens aliwaza kwamba kosa likiisha, mgeni naye ataondoka. Akaandika.

Harufu ilikatika. Kosa likasomeka sifuri kamili, jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa miaka kumi na tisa ya kazi. Siku zote hubaki mwanya mdogo kati ya jibu na ukweli. Akatazama chini. Nyayo zilikuwa zimefika, na miguu ya mkewe ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Shemeji Marsela," Mfaume aliita taratibu.

Mwanamke alifumbua macho, akamtazama Gaudens kwa upole, akauliza huyo Marsela ni nani.