Ganda la Risasi la Bibi Minza

Kila asubuhi Imakulata aliteka maji, akafagia uwanja, akamwamkia bibi yake, ndipo akashika njia ya shule ya misheni. Jioni alitakiwa kurudi kwa njia kuu, ile waliyopita zamani wapagazi wa misafara wakitoka Tabora. Baba yake, Justus, alikuwa amemkataza kupita kilimani kwenye mahandaki ya vita vya Mjerumani na Mbelgiji. Vita vilikwisha zamani na sasa alitawala Mwingereza, lakini risasi nyingine zilikuwa bado zimo ardhini, nzima.

Imakulata alikuwa mtoto mwema, ila kwa katazo hilo moja alitia pamba masikioni. Siku moja baada ya mvua alipita kilimani, akaona ganda la risasi limechomoza udongoni, limeota kutu ya kijani. Akamkumbuka Bibi Minza, ambaye ugoro wake ulimwagika kila siku kwa kufungwa kwenye pindo la kanga. Mdomo wa ganda ulikuwa umepondeka. Imakulata akauvunja, akasugua ukingo kwenye jiwe, kisha akalisugua ganda lote kwa ukwaju na mchanga mpaka likang'aa na alama za kitakoni zikafutika. Akachonga kizibo cha mti, ganda likawa kichupa cha ugoro, akampelekea Bibi.

"Kizuri hiki! Umekitoa wapi?" Bibi aliuliza.

Imakulata alibabaika. Akisema kweli, atakiri kwamba alipita kilimani. "Baba ndiye aliyenipa nikuletee," akajibu.

Bibi Minza alifurahi mno, akambariki mwanawe Justus kimyakimya.

Hazikupita siku nyingi, twiga akaonekana porini ameuawa kwa bunduki. Mussa, askari wa Bwana Nyama, Mzungu aliyesimamia wanyama wa porini, akaanza kupekua nyumba za kijiji akitafuta bunduki isiyo na kibali. Alipofika kwa Justus hakukuta kitu. Alikuwa anaaga wakati Bibi alipotoa kichupa chake, akagonga ugoro kiganjani na kuunusa.

"Mama, hilo ni ganda la risasi," Mussa alisema. "Tena jipya. Nani amekupa?"

"Mwanangu huyu hapa," Bibi alijibu kwa fahari.

Justus alilitazama ganda ambalo hakuwahi kuliona maishani mwake. Akamtazama mama yake. Kwao, mtu hamkanushi mama yake mzazi mbele ya wageni, hata iweje.

"Kama mama amesema nimempa, basi nimempa," alisema taratibu.

"Bunduki iko wapi?"

Justus hakuwa na bunduki ya kumwonyesha. Mussa akamchukua pamoja na lile ganda hadi kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, ili kesho yake apelekwe mjini kushtakiwa.

Imakulata alisikia yote akiwa jikoni, na woga ukamfunga mdomo. Lakini jioni Bibi alikataa chakula. "Nimemfunga mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe," alisema huku machozi yanamtoka. Hapo Imakulata hakuweza tena. Akapiga magoti, akaeleza kila kitu.

Kulipokucha walikwenda wote wawili kwa mwanangwa. Justus alikuwa ameketi barazani chini ya ulinzi, na bintiye alishindwa kumtazama.

"Shikamoo, baba askari," Imakulata alisema. "Ganda lile nililiokota mimi kilimani. Baba hajui lolote."

"Marahaba. Watoto hufundishwa maneno," Mussa alisema. "Ganda lenyewe halina alama wala mdomo. Nitajuaje ni la zamani?"

"Yako mengine. Nitakuonyesha."

Walikwenda kilimani. Mussa alichimbua handakini maganda manene yaliyojaa udongo, midomo yake ikiwa mizima. Akatoa mfukoni risasi nyembamba aliyoitoa mwilini mwa twiga, akaitia katika mdomo wa ganda moja. Ilichezacheza kama kunde ndani ya kibuyu. Kisha akamwaga ugoro wa Bibi, akachungulia ndani. Chini kabisa, mahali ambapo kidole cha mtoto hakikufika, kulikuwa na kutu ileile ya kijani, na kitako kililingana na vya maganda yale.

"Haya ni ya bunduki nene za zamani za askari wa Mjerumani," alisema. "Twiga hakuuawa kwa bunduki ya namna hii."

Kwa furaha Imakulata aliinama aokote jingine. Mussa akamdaka mkono. "Acha! Risasi hiyo haijalipuka!"

Justus akaachiwa. Walipofika nyumbani baba akamwambia Imakulata:

"Ukikosa, mwanangu, njoo uniambie. Nitakuchapa au nitakusamehe, yataisha. Lakini ulimdanganya bibi yako, naye akayasema maneno yako mbele ya serikali kwa sababu alikuamini. Mwongo huumiza kwanza wale wanaomwamini. Kamwombe radhi."

Imakulata alimpigia Bibi magoti. Bibi akamwekea mkono kichwani, akamsamehe kwa moyo wote.

Wiki iliyofuata Imakulata alimletea boga. "Baba amekutumia," alisema, na safari hii ilikuwa kweli tupu. Bibi Minza alilipokea, akaliweka chini, akainuka polepole kwenda kumuuliza Justus kama ni kweli.