Mfumo Usiojua Kunyamaza

"Mimi naupinga mkakati huu."

Injinia aligeuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Aliyesimama upande wa pili wa meza, mbele ya baraza zima la chuo, alikuwa Mwalimu, mwanamke aliyekunywa naye chai asubuhi ileile wakacheka mpaka ikawapalia.

Chuo chao kilifundisha watu wa kuhudumia watu: maofisa ustawi, walezi wa yatima, washauri wa waliofiwa. Injinia aliajiriwa kukiingiza kwenye zama za kidijitali, na mkakati aliouandika kwa jasho lake ulikuwa pale ukutani, unang'aa kutoka kwenye projekta. Mwalimu alifundisha ushauri nasaha. Kwamba wawili hao walikuwa wapenzi, chuo kizima hakikujua. Au kilijifanya hakijui.

"Sababu, Mwalimu?" aliuliza Mkuu wa chuo.

"Hiki chumba cha ushauri mtandaoni. Aliyefiwa hafikiwi kupitia kioo cha simu. Mwanafunzi na mteja wakinyamaza kidogo tu, mfumo unakata mazungumzo. Injinia, kweli si kweli?"

"Kweli. Kwa mfumo, kimya ni hitilafu ya mtandao."

"Kwetu sisi, kimya ndiyo kazi yenyewe."

Watu wakaguna. Mkuu akaahirisha kikao. Injinia alimdaka Mwalimu kwenye korido.

"Umenivua nguo mbele za watu!"

"Na wewe je? Tunakula pamoja, tunatembea pamoja, halafu mabadiliko ya kazi yangu nakuja kuyaona ukutani kama mgeni?"

"Nilitaka iwe sapraizi."

"Sapraizi ni maua. Hii ni kazi yangu."

Akaondoka, viatu vikigonga sakafu. Kesho yake akasafiri kwenda mbali kukagua wanafunzi walioko kwenye mafunzo kwa vitendo.

"Umefika salama?" Injinia alimwandikia.

Tiki mbili za bluu. Jibu hakuna.

"Basi hata nitukane."

Tiki mbili za bluu.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mdogo wake wa kike alikuwa amehamia kwake baada ya kumpoteza mwanawe mchanga. Tangu mazishi hakuwa amesema neno. Injinia alikuwa amejaribu kila alichokijua: redio, supu, vichekesho vya kwenye simu. Jumamosi asubuhi akamkuta sakafuni chumbani, anakunja kigauni cha mtoto, anakikunjua, anakikunja tena. Chakula cha jana kilikuwa palepale, hakijaguswa.

Akampigia Mwalimu.

"Najua umeninunia," alisema haraka kabla hajakatiwa. "Sikupigii kwa ajili yangu. Ni mdogo wangu. Hali chakula, hasemi. Naogopa, mpenzi."

"Washa kamera. Mpe simu."

"Kwa kamera? Si wewe ulisema..."

"Injinia. Mpe simu."

Akaiegemeza kwenye jagi la maji, akakaa mlangoni. Uso wa Mwalimu ukatulia kwenye kioo kidogo, nyuma yake ukuta mtupu wa nyumba ya wageni.

"Wifi," alisema kwa upole. "Ni mimi. Nipo. Huna haja ya kusema kitu."

Wifi! Pamoja na kununiana kote kule, bado alimwita wifi.

Kisha Mwalimu akanyamaza.

Akanyamaza kweli. Hakukohoa, hakutazama pembeni, hakujaza pengo kwa pole wala maswali. Injinia akadhani picha imeganda, akasogea, akanyoosha mkono aiguse simu. Mwalimu akamtupia jicho, jicho tu, na mkono ukarudi wenyewe.

Nje mtu alipita anapiga mluzi, mluzi ukafifia. Jua likasogea kwenye zulia. Kwa mara ya kwanza maishani Injinia akaona kumbe kimya kinaweza kubeba mtu, kama vile maji yanavyombeba aliyeacha kupigana nayo.

"Alikuwa na nywele nyingi," mdogo wake alisema.

Sauti ilikuwa imekauka, ya kukwaruza. Lakini ilikuwa sauti.

"Niambie," alisema Mwalimu.

"Nyingi mpaka muuguzi akacheka. Akasema huyu kaja na kofia yake."

Machozi yakaanza, na maneno nyuma yake, mengi, yamesongamana. Injinia akatoka kwa kunyata hadi jikoni, akashika sinki kwa mikono miwili. Alikuwa ameunganisha kompyuta za majengo mazima, lakini hajawahi kuona watu wakiunganishwa namna ile.

Baadaye akaandika: "Nimeona. Sina la kusema."

Safari hii jibu likaja: "Na mimi nimeona. Sikuamini kioo kingeweza kunifikisha kwake. Nusu nilikosea."

"Nisamehe. Nifundishe kazi yako."

"Nikirudi Jumatatu. Darasani kwangu. Uje na daftari, si na majibu."

Alikwenda. Alikaa nyuma kama mwanafunzi, akauliza, akasahihishwa, akachekwa. Wawili hao wakaukarabati mkakati ukurasa kwa ukurasa, na kule kukata mazungumzo kukafutwa kabisa.

Baraza lilipokutana tena, Mwalimu alikuwa wa kwanza kusimama.

"Naunga mkono."

Mkuu akashusha miwani. "Mwalimu, umegeuka ghafla. Una maslahi yoyote na mwandishi wa mkakati huu?"

"Ninayo. Nataka anioe."

Injinia aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Lini?"

"Si mpaka unipose?"

"Nakuposa! Sasa hivi! Wote hapa ni mashahidi!"

"Nimekubali. Kaa chini, unatetemeka."

Katibu akainua kalamu, amechanganyikiwa. "Mheshimiwa, na hili niliandike kwenye muhtasari?"

"Liandike," alisema Mkuu. "Limepita bila kupingwa."

Jioni Injinia alimsimulia mdogo wake yote, kiti kilivyoanguka, katibu alivyokodoa macho. Yeye alikuwa anamenya viazi. Alisikiliza hadi mwisho, kisu kikasimama.

"Kwa hiyo kaka, umeposa au umeposwa?"

Akacheka. Kicheko kifupi, kama mlango uliokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Injinia hakuthubutu kusema chochote. Alisimama tu pale jikoni, anakisikiliza.